Usiipeleke kwenye Mizani: Vidokezo vya Kufufua Redio ya Valvu ya Gari

Kusini mwa Tanzania magari hayafi upesi. Landrova iliyokwisha injini bado hukaa chini ya mkorosho miaka na miaka, leo banda la kuku, kesho stoo ya magunia, na mwenyewe bado anaiita gari. Ukiinama chini ya dashibodi yake, huenda ukakuta sanduku la chuma lenye vitufe viwili, zito kupita kiasi, na kioo chenye namba kilichofifia. Vijana wengi hulichomoa waweke redio ya flashi, kisha sanduku hilo likaishia kwenye mizani ya chuma chakavu.

Hiyo ni redio ya valvu. Kampuni ya Galvin ya Chicago ilipoanza kuuza redio za gari kwa jina la Motorola mwaka 1930, kitu hicho kilikuwa anasa. Kwetu kilichelewa. Mpango wa Waingereza wa kulima karanga, ulioileta mitambo Nachingwea, ulianza 1947, Landrova ya kwanza ikaonyeshwa 1948, na kituo cha redio cha Dar es Salaam kikaanza kutangaza 1951. Kwa hiyo redio ya valvu utakayoikuta Chidya, Newala au Ndanda ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya miaka ya 1950 au mwanzoni mwa 1960, kabla transista hazijatawala. Nyingi kati ya hizo si mbovu kama zinavyosingiziwa. Zimehukumiwa bila kusikilizwa.

1. Jua umeokota nini

Redio za wakati huo ni za namna tatu. Ya kwanza ni ya valvu tupu, yenye kopo dogo la chuma linalochomoka kama valvu yenyewe. Hilo ni vaibreta, na tutakuwa nalo sana. Ya pili ni chotara wa mwishoni mwa miaka ya 1950: valvu zake zinafanya kazi kwa volti 12 za betri moja kwa moja, na mwishoni kuna transista moja kubwa iliyofungwa kwenye bati la kupozea. Ya tatu ni transista tupu. Chrysler na Philco waliitoa ya kwanza Marekani mwaka 1955, lakini bei yake ilikuwa kubwa, ikachukua muda kuenea.

Kuzitofautisha hakuhitaji shule. Redio yenye vaibreta hunguruma kidogo ukiiwasha, hata kabla ya sauti ya spika. Vidokezo hivi vinahusu hasa hiyo.

2. Fuata njia ya umeme kabla ya kugusa chochote

Hapa ndipo mafundi wengi wazuri wa redio za kisasa wanapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Valvu ni chupa ya kioo iliyonyonywa hewa. Ndani kuna uzi unaowaka mwekundu, na joto lake hufanya elektroni ziruke kutoka kwenye kipande kinachoitwa kathodi kwenda kwenye bati la pembeni, anodi. Katikati kuna wavu mwembamba. Umeme kidogo sana ukiwekwa kwenye wavu huo unaruhusu au unazuia mkondo mkubwa unaopita, kama mkono mmoja unavyotawala koki ya bomba. Ishara dhaifu kutoka kwenye antena ikiingia kwenye wavu, inatoka upande wa pili ikiwa na nguvu.

Ila anodi haitaki volti 12. Inataka kama 200, wakati mwingine 250. Betri ya gari itazitoa wapi? Transfoma ingeweza kuzipandisha, lakini transfoma haifanyi kazi kwa umeme mnyoofu wa betri. Inataka umeme unaogeuka. Ndipo vaibreta inapoingia. Ndani ya kopo lake kuna ulimi wa chuma unaotetemeka zaidi ya mara 100 kwa sekunde, ukikata na kuunga umeme wa betri, mara upande huu wa transfoma, mara upande ule. Transfoma inadanganyika, inapandisha volti, kisha valvu ya kunyoosha umeme (6X4, EZ80 au ndugu zake) inaurudisha kuwa mnyoofu, kapasita kubwa zinaulainisha, na valvu nyingine zinakula.

Ukishaielewa njia hiyo, sehemu kubwa ya ugonjwa umeshaijua. Redio iliyokaa miaka 60 hufia hapo: kwenye vaibreta na kwenye kapasita. Valvu zenyewe mara nyingi ni nzima.

3. Uliza ethi ya gari

Landrova za zamani, na magari mengi ya Kiingereza hadi nusu ya pili ya miaka ya 1960, yalifunga upande wa chanya wa betri kwenye bodi, yaani ethi ya chanya, kinyume na gari la leo. Ukiunga redio kwa mazoea, unaweza kuiua kwa sekunde moja.

Kama ina vaibreta ya kawaida na valvu ya kunyoosha umeme, haijali sana. Lakini kuna vaibreta inayofanya kazi mbili, kutikisa na kunyoosha kwa wakati mmoja. Redio ya namna hiyo haina valvu ya kunyoosha, na ukigeuza chanya na hasi, volti kubwa inatoka kinyume na kapasita zinapasuka. Chotara yenye transista nayo haisamehi. Angalia kibati nyuma ya redio, mara nyingi kimeandikwa.

Na volti pia. Landrova ni 12, lakini Volkswagen nyingi za zamani zilikuwa za volti 6. Kwa valvu za Kimarekani namba ya mwanzo inakuambia volti ya uzi: 6BA6 ni ya volti 6.3, 12BA6 ni ya 12.6. Kwa za Ulaya, herufi E mwanzoni ni 6.3.

4. Usiiwashe

Najua vidole vinawasha. Subiri.

Redio ya umri huo ina kapasita za karatasi zilizopakwa nta, na karatasi ile imeshanyonya unyevu wa masika mengi. Mbili kati yake ni hatari kuliko nyingine zote. Ya kwanza imefungwa kwenye upande wa volti kubwa wa transfoma, kazi yake kumeza mshtuko kila vaibreta inapokata umeme. Thamani yake ni ndogo, nanofaradi chache, lakini lazima ivumilie volti 1,600 au zaidi. Ikipasuka, inaiunguza transfoma na vaibreta kwa pamoja, na transfoma hiyo hutaipata Masasi wala Mtwara. Ya pili ni ile inayopitisha sauti kwenda kwenye wavu wa valvu ya mwisho. Ikivuja kidogo tu, valvu hiyo inafungua koki yote, inachemka, na inaweza kuondoka na transfoma ya spika.

Badilisha hizo mbili kabla ya kitu kingine chochote, halafu zile kubwa za kulainisha umeme, halafu za karatasi zilizobaki. Za maika, zile bapa za kahawia, ziache. Mara nyingi ni nzima.

Spea zake zipo karibu kuliko unavyodhani. TV ya chogo iliyokufa ina kapasita za plastiki zilizoandikwa volti 1,600 au 2,000, jirani na transfoma yake kubwa. Taa mbovu za kubana matumizi, zile za mrija uliojisokota, zina kapasita ndogo za volti 400 zinazofaa sehemu nyingine. Soma thamani kwanza. Nanofaradi zikizidi au zikipungua sana pale kwenye mshtuko, vaibreta itakula ncha zake. Na TV ya chogo ichokonoe ile iliyochomolewa umeme siku nyingi, kwa akili timamu, maana kioo chake chenyewe kinahifadhi umeme.

5. Mkono mmoja mfukoni

Volti 200 kutoka betri ya gari zinaua sawasawa na zile za ukutani. Watu hudharau kwa kuwa ni betri. Ukizima, kapasita bado zimeshiba. Zimwage kupitia rezista ya kiloomu 10 yenye mwili mkubwa, si kwa bisibisi, kisha pima kwa tesa ndipo uingize mkono mmoja, mwingine ukiwa mfukoni.

6. Fungua kopo la vaibreta

Ikiwa redio imekaa kimya na hata mngurumo hakuna, vaibreta imeshikwa na kutu au ukungu kwenye ncha zake. Tumbo la kopo limezungushiwa sponji ya mpira ya kuzuia kelele. Kwa umri, sponji hiyo inaoza na kuwa uji mweusi unaonata. Bana ukingo wa kopo taratibu kwa koleo, lifungue, safisha uji huo kwa spiriti, kisha pitisha msasa laini kabisa katikati ya ncha mara mbili tatu tu. Usikunje ulimi. Nafasi kati ya ncha ilipimwa kiwandani.

Ikikataa kabisa, kuna dawa: transista mbili za nguvu na saketi ndogo ya kuzipokeza, ukaiweka ndani ya kopo lile lile. Redio haitanguruma tena, na kuna wanaosema imepoteza roho. Mimi naona ni sawa, mradi kopo la asili lirudi mahali pake na usikate waya yoyote ya redio. Kilicho kosa ni kuzoa matumbo yote na kuweka bodi ya bluetooth ndani ya sura ya kizee. Hapo umebaki na sanduku.

7. Iwashe kupitia taa ya mbele

Chukua betri nzima, balbu ya taa ya mbele ya wati 55 na spika. Unga balbu kwenye waya wa umeme wa redio, mfululizo. Kama kuna shoti ndani, balbu itawaka kwa nguvu zote na redio itasalimika. Ikiwaka hafifu, ni dalili njema. Ondoa balbu, weka fyuzi, uwashe moja kwa moja. Redio ya volti 12 ya namna hii inakula ampea tatu hadi tano, kwa hiyo adapta ya simu haina nafasi hapa. Zipe nyuzi nusu dakika zipate moto.

Spika lazima iwe imeungwa kabla ya kuwasha. Valvu ya mwisho isiyo na mzigo inaweza kupasua transfoma yake.

8. Valvu awe mshukiwa wa mwisho

Ukiona valvu mbili hazina mwanga, usiagize mbili. Kwenye redio za volti 12 zinazotumia valvu za volti 6, nyuzi hufungwa mbili mbili kwa mfululizo. Moja ikikatika, mwenzake naye anazimika bila kosa. Zichomoe, pima uzi kwa tesa. Ule unaoonyesha omu chache ni mzima.

Nyingine haiwaki kwa sababu haikuumbwa kuwaka. Ile iitwayo 0Z4, kopo la chuma lenye gesi ndani, hunyoosha umeme bila uzi wowote. Si ajabu nyingi zimetupwa zikiwa nzima.

Kabla ya kuhukumu, chomoa na kuchomeka kila valvu mara kadhaa ili miguu yake ijisugue kwenye soketi. Usifute maandishi yake kwa spiriti. Yanatoka upesi, na valvu isiyo na namba ni kioo tu.

9. Salfa ya korosho

Hili hutalisoma kwenye kitabu cha Marekani wala cha Uingereza. Kila mwaka kuanzia kama Juni tunapuliza salfa ya unga kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga, na mifuko ile inasafiri kwenye pikapu na Landrova hizi hizi. Unga wake unaingia kila mahali. Fedha na shaba ni adui wa salfa: fedha inakuwa nyeusi, shaba inaota gamba, na unyevu wa asubuhi za baridi kule Newala unaharakisha mambo. Swichi ya kubadili masafa ndani ya redio ina ncha zilizopakwa fedha. Ndiyo maana redio iliyoishi Newala hukwaruza, hupotea, hurudi ukiipiga kofi.

Usitumie msasa hapo. Upako ni mwembamba na ukishakwisha hakuna dawa. Kata kipande cha karatasi ngumu, kilowanishe kwa spiriti safi au dawa ya kusafishia ncha, kipitishe katikati ya kila jozi hadi kitoke bila weusi, halafu zungusha swichi mara nyingi. Fanya vivyo hivyo kwa kitufe cha sauti. Vumbi la ndani lipulize kwanza kwa pampu ya baiskeli, ukiwa nje, maana pamoja na salfa utatoa viota vya udongo vya nyigu na pengine mabaki ya panya.

Baadaye, ikiwa gari bado linabeba salfa, funika redio msimu huo au ichomoe ukae nayo ndani. Ni nati chache tu.

10. Viini vya makopo usiviguse

Ndani kuna makopo ya bati ya mraba yenye skrubu juu. Hizo si skrubu za kukaza, ndivyo viini vyenyewe. Redio hizi huchukua stesheni unayoitaka na kuichanganya na mawimbi yanayotengenezwa ndani, ili kila stesheni igeuzwe kuwa masafa mamoja ya katikati, ambayo valvu zinayakuza kwa urahisi. Ufundi huo ni wa mhandisi wa Kimarekani, Edwin Armstrong, 1918. Redio nyingi za Kimarekani za gari ziliwekwa kilohezi 262.5. Ukiwa kwenye 1,000, chombo cha ndani kinaimba 1,262.5, na tofauti ndiyo inayopita kwenye makopo hayo. Zungusha kiini nusu mzunguko tu bila mashine ya kupimia, na redio itakuwa kiziwi kwa mkono wako.

Pia tofauti na redio ya nyumbani, nyingi za gari hazina yale mabati ya nusu duara yanayozunguka. Unapozungusha kitufe, vijiti vya chuma cha unga vinaingia na kutoka ndani ya koili, kwa sababu mabati yangetetemeka kwenye barabara kama zetu. Tatizo la hapo huwa grisi iliyokauka. Tone dogo la mafuta ya cherehani latosha.

11. Redio kuwa bubu mchana si ugonjwa

Umemaliza. Inanguruma, inapata moto, spika inavuma, unazungusha mshale kutoka mwanzo hadi mwisho: hakuna mtu. Kabla ya kuifungua tena, angalia ina masafa gani. Redio nyingi za gari zilikuwa na masafa ya kati, pengine na marefu. Chidya iko zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam hata ukipima kwa njia ya ndege, na mchana masafa ya kati yanatambaa ardhini, yanachoka njiani. Ndiyo maana wazee wa huku walitegemea masafa mafupi. FM haimo kabisa kwenye redio hizi nyingi, kwa hiyo stesheni za mjini zisikushangaze zisiposikika.

Jaribu usiku. Jua likizama, tabaka za juu za anga hurudisha masafa ya kati chini, nayo huruka mamia ya kilomita. Vituo vingi vya masafa hayo vimefungwa duniani, lakini ukisikia hata mluzi na lugha usiyoijua ikija na kuondoka, mgonjwa wako amepona.

Hapo ndipo utafute kiskrubu kidogo karibu na tundu la antena. Weka stesheni dhaifu kuelekea mwisho wa juu, karibu na 1,400, fungua sauti, kisha kizungushe polepole hadi isikike kwa nguvu zaidi. Fanya hivyo ukiwa na antena ileile itakayokaa kwenye gari. Waya wa antena ya gari umetengenezwa maalumu. Ukiweka wa TV badala yake, redio inapoteza sehemu kubwa ya ishara kabla haijaingia ndani.

12. Kelele za krrr

Injini ikiwaka redio ikaanza kukwaruza kwa kasi ya injini, ni plagi. Weka vizuizi vya kiloomu 10 kwenye nyaya za plagi, na kapasita kwenye dainamo. Ikiwa kelele inapanda na kushuka hata gari limezimwa, angalia barabarani: bodaboda iliyofungwa plagi isiyo na kizuizi inasikika kwenye masafa ya kati kabla hujaiona. Chaja za bei rahisi za simu nazo ni wachokozi. Chomoa zote kwanza, ndipo ulaumu redio.

13. Kama unataka muziki wako

Kwa kuwa hewani hakuna mengi, wengi wataka kuunga simu. Inawezekana bila kuharibu kitu. Tafuta mguu wa juu wa kitufe cha sauti, pale ishara inapoingilia. Pitisha waya kupitia kapasita mpya ya nanofaradi 100 ya volti 400, ili kama volti kubwa ikikosea njia isiifikie simu. Kushoto na kulia kwa simu viunganishe kila kimoja kupitia rezista ya kiloomu moja. Ukivifunga moja kwa moja, simu inajipinga yenyewe.

Na ikiwa gari ni la ethi ya chanya, usichaji simu hiyo kwenye gari hilo wakati imeungwa na redio. Waya wa ardhi wa sauti umefungwa kwenye bodi, ambayo ni chanya, na ardhi ya chaja ni hasi ya betri. Vikikutana ndani ya simu, moshi utaanzia kwenye simu. Ichaji nyumbani.